Ekseli ya nyuma yenye nguvu zaidi kwa gari la porini: kuichagua, kuikagua na kuifunga

Minada ya korosho kusini mwa Tanzania kwa kawaida hufunguliwa Oktoba, na kabla haijaisha mvua zinakuwa zimeshashika. Pikapu iliyokuwa ikipanda Newala na gunia kumi kwenye vumbi sasa inazipandisha zile zile kwenye utelezi, tairi moja linazunguka bure, lingine limenasa kwenye mzizi. Huo ndio msimu wa kukatika ekseli za nyuma, na ndio msimu ambao mwenye gari huamua kutafuta ekseli nzito zaidi. Wengi hununua kwa kuangalia ukubwa wa difu (boksi la gia lililo katikati ya ekseli) peke yake, na hapo pesa hupotea. Ekseli huchaguliwa kwa mzigo, kwa tairi na kwa namna gurudumu lilivyoshikwa. Injini huja mwisho.

Hesabu yenyewe ni fupi. Chukua pikapu ya dizeli yenye nguvu ya kuzungusha ya Nm 280. Gia ya kwanza inaizidisha mara 4.3, gia ya chini ya 4x4 mara 2.5, difu mara 4.1. Jibu ni kama Nm 12,300. Hata ukigawa nusu kwa mbele na nusu kwa nyuma, nyuma inabaki na zaidi ya Nm 6,000. Sasa angalia ardhi inaweza kupokea kiasi gani. Nyuma ya gari lililopakia pana kilo 1,800. Zidisha kwa 9.8, kisha kwa 0.7 ambao ndio mshiko wa tairi kwenye ardhi ngumu, kisha kwa mita 0.38, yaani kimo cha kutoka chini hadi katikati ya gurudumu kwa tairi la 7.50R16. Unapata kama Nm 4,700. Zaidi ya hapo tairi linateleza, na ekseli inapumua. Kwa hiyo injini tayari ina nguvu kuliko ardhi inavyoweza kupokea, na kinachoamua ekseli itabeba nini ni uzito ulioko juu yake na urefu wa tairi. Ukitoa tairi hilo ukaweka la inchi 35, hapo hapo umeongeza mateso ya shafti, ile nondo inayotoka kwenye difu kwenda kuzungusha gurudumu, kwa asilimia 10 hivi, hata kama injini hujaigusa.

Kwenye hesabu hiyo ongeza mshtuko. Tairi linalozunguka kwa kasi hewani halafu likadaka jiwe au kisiki ghafla huleta nguvu kubwa kuliko zote hizo kwa kitambo kifupi. Shafti nyingi hukatika katika nukta hiyo. Ndiyo maana dereva anayekanyaga moto gari likiwa limekwama huvunja ekseli yoyote utakayomnunulia.

Soma kilichovunjika kabla ya kununua

Usitupe kipande kilichokatika. Kipanguse kwa petroli, kipeleke kwenye mwanga, uangalie sura ya mkato. Ukiona mistari iliyopindana kama ile inayobaki kwenye mchanga wa ufukweni maji yakishuka, imeanzia ukingoni na kuishia kwenye kiraka kidogo chenye chenga mbaya, hiyo shafti imechoka taratibu. Ufa ulianza zamani na kila safari iliusogeza. Chanzo chake mara nyingi ni kupinda: mzigo mwingi, spesa za magurudumu (vipande vinavyosogeza rimu nje), au hausingi (ganda la ekseli) iliyokunjika. Shafti nene zaidi ndani ya hausingi ile ile iliyopinda itachoka vile vile.

Mkato wote ukiwa na chenga sawasawa, au umejisokota kwa mshazari kama kamba, shafti imezidiwa mara moja. Tazama pia meno yake ya mwisho, yale yanayoingia kwenye difu. Yakiwa yamepinda kama yamenyongwa, shafti ilishaonya kabla, maana chuma kilifika ukomo wake kikabaki na alama. Hapa shafti nene au ya chuma bora itasaidia kweli. Nguvu ya kustahimili kusokotwa hupanda kwa kipenyo mara kipenyo mara kipenyo: kutoka milimita 30 kwenda 35 unapata kama asilimia 59 zaidi. Ila pima sehemu nyembamba kuliko zote, mara nyingi kwenye mizizi ya meno, kwa sababu unene wa katikati hausaidii pale panapokatikia.

Krauni, yaani gia kubwa ya duara ndani ya difu, iliyong'oka meno ina maelezo yake. Meno yana upande wa kusukuma mbele na upande wa kurudi, na ule wa kurudi ni dhaifu zaidi. Gari lililozama mchangani likirudishwa nyuma kwa nguvu, na mzigo ukiwa juu, ndipo meno huondoka. Ukikuta yameliwa upande huo, sababu inajulikana. Gia ndogo za ndani ya difu zilizoungua na pini yake ikawa na rangi ya bluu zinatokana na tairi moja kuzungushwa muda mrefu lingine likiwa limesimama. Oili hutupwa nje na chuma kikasaga chuma. Dawa yake ni difloki, kifaa cha kufunga magurudumu mawili yazunguke pamoja, wala si ekseli mpya.

Gurudumu limeshikwa na nini

Hili ndilo swali linalopaswa kutangulia ukubwa wa difu. Kwenye ekseli ya semifloti, shafti inazungusha gurudumu na pia inabeba uzito wa gari. Beringi imekaa mwishoni mwa hausingi, na shafti inatokeza nje ikishika dramu na rimu. Shafti ikikatika nje ya beringi, gurudumu linaondoka na kipande chake. Kwenye ekseli ya fulifloti, gurudumu linakaa kwenye habu yenye beringi mbili juu ya hausingi yenyewe, na shafti inapita katikati ikifanya kazi moja tu, kuzungusha. Ikikatika, gari linabaki limesimama kwa miguu yake minne. Unafungua nati za pembeni, unaivuta, unafunga mpya, na kama kipande cha ndani kinatoka kwa sumaku au waya hujafungua hata rimu.

Kwa anayebeba mzigo kati ya Nachingwea na Liwale, mbali na fundi, fulifloti ndiyo ya kuchagua, hata kama difu yake haina kipenyo kikubwa sana. Hapo hatusiti. Semifloti inatosha kwa gari la kuzungukia shamba na kwenda ufukwe wa Msimbati Jumapili.

Kuitambua ni rahisi. Simama nyuma ya gurudumu uangalie katikati ya rimu. Ya fulifloti ina habu iliyochomoza nje kama kikombe, na kofia ya shafti imezungukwa na nati. Kwenye Land Cruiser ya pikapu ni nati sita zenye vikoni vidogo chini yake. Ya semifloti ni bapa, unaona stadi za gurudumu na uso wa dramu tu.

Spesa na rimu zilizotokeza nje zinaua semifloti haraka. Tuseme katikati ya tairi pako sentimita 5 kutoka kwenye beringi. Spesa ya sentimita 3 inaifanya 8, na nguvu ya kupinda shafti inapanda kwa asilimia 60 kwa uzito ule ule. Kama gari lako lina spesa na linakata shafti, zitoe kwanza halafu ndipo uanze kufikiria ekseli.

Ekseli unazoweza kuzipata

Hilux nyingi za springi za majani zina difu ya inchi 8 (kipenyo cha krauni) na shafti za meno 30, semifloti. Ni ekseli nzuri kuliko watu wanavyoisema. Kwa mzigo wa nusu tani na tairi lisilozidi inchi 33, ukiwa na difloki na dereva mtulivu, itakaa miaka. Inapobebeshwa tani moja na nusu kwenye mashimo, hausingi yake inakunjika karibu na vikalio vya springi.

Land Cruiser za mfululizo wa 70 za kazi, kama HZJ75 na HZJ79, zina difu ya inchi 9.5 na fulifloti. Hii ndiyo inayotafutwa sana, na kwa haki. Lakini jina la Land Cruiser peke yake halitoshi: zile nyepesi za mfululizo huo huo zina inchi 8 semifloti, na hata zenye 9.5 zipo za semifloti. Angalia habu kama tulivyosema. Angalia na stadi: za kabla ya 1999 zina stadi 6 kwenye duara la milimita 139.7, sawa na Hilux, wakati HZJ79 zina stadi 5 kwenye milimita 150. Ukinunua ya stadi tano ukaifunga kwenye Hilux, utatembea na spea mbili za matairi.

Nissan Patrol ina difu inayoitwa H233B, krauni ya milimita 233, imara sana, ila nyingi ni semifloti na zimetengenezwa kwa springi za koili. Kuihamishia kwenye gari la majani ni kukata vishikio vyote na kuchomelea vipya. Iache kwenye Patrol. Land Rover 110 za zamani zina ekseli ya Salisbury nyuma, fulifloti nzito yenye mfuniko wa nyuma wa bolti, uwiano wa 3.54, yaani propela (shafti ndefu inayotoka giaboksi) huzunguka mara 3.54 kwa kila mzunguko wa gurudumu. Mwenye Defender ya difu nyepesi ya Rover na shafti za meno 10 anapata nafuu kubwa akihamia Salisbury.

Kama unaweza, baki ndani ya kampuni iliyotengeneza gari lako. Bomba za breki, propela, kebo za handbreki na spea za baadaye zitakupa usumbufu mdogo.

Uwiano: mbele na nyuma visome mamoja

Gari la 4x4 likiwa na uwiano tofauti mbele na nyuma, ukiingiza 4x4 kitu kitavunjika. Kibati cha gari kwenye chumba cha injini au mlangoni kina msimbo wa ekseli. Unakili na uende nao dukani. Lakini ekseli ya mtumba huenda ilishafunguliwa, kwa hiyo hesabu mwenyewe.

Jeki gurudumu moja la nyuma, lile la chini lizuie kwa vigingi mbele na nyuma, gia iwe nyutro, handbreki ishushwe. Chora chaki kwenye gurudumu na kwenye propela. Zungusha gurudumu mara 20 kamili huku mwenzako akihesabu propela. Ikizunguka mara 41, uwiano ni 4.1; 43 ni 4.3, 45 na nusu kidogo ni 4.56. Difu yenye difloki iliyoingia au ya kubana (inayozuia tairi moja kuzunguka bure peke yake) inadanganya kipimo hiki, hivyo inua magurudumu yote mawili uzungushe yote kwa pamoja mara 10. Ekseli iliyolala chini dukani inapimwa hivyo hivyo kwa kuzungusha flenji ya pinioni (gia ndogo inayosukuma krauni, inapofungwa propela) na kuzuia upande mmoja.

Hilux ya 4.10 na Land Cruiser ya 4.11 zinaweza kukaa gari moja. Tofauti yake haifiki theluthi moja ya asilimia, na kwenye ardhi laini tairi linaimeza. 4.1 na 4.3 haziwezi, usishawishiwe.

Ukibadilisha tairi, uwiano unabadilika kwa kipimo hicho hicho. Gari la 4.1 lililotoka tairi la inchi 29 kwenda 33 linahitaji 4.1 mara 33 gawanya kwa 29, yaani 4.67. Difu ya 4.67 ni vigumu kuipata, mara nyingi utachagua 4.56 au 4.88. Kwa mzigo na mchanga chagua 4.88: pinioni yake ina meno machache na kichwa chembamba kidogo, lakini kloji, giaboksi na propela vyote vinapumzika. Na utabadilisha difu ya mbele pia. Weka gharama hiyo kwenye hesabu tangu siku ya kwanza.

Ekseli ya mtumba: iguse, ikague, ipime

Nenda kwenye maduka ya spea ya Gerezani, Dar es Salaam, au kwa muuza skrepa ukiwa na futi ya chuma, tochi, chaki na sumaku. Fungua tundu la chini la oili. Oili nyeusi ni ya kawaida. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa imeingia maji, na beringi zote zina kutu hata kama hauioni. Sugua tone katikati ya vidole: ukisikia chenga, pitisha sumaku. Unga mwororo unaofanana na majivu ni uchakavu wa kawaida, vipande vyenye kona ni meno.

Shika flenji ya pinioni uivute na kuisukuma kwa mhimili wake. Isicheze hata kidogo. Izungushe kushoto na kulia: uchezaji mdogo unaosikika kama "tik" ni sawa. Kwa difu za Toyota za inchi 8 na 9.5 nafasi kati ya krauni na pinioni hukaa kati ya milimita 0.13 na 0.20, na hupimwa kwa saa ya kupimia. Asiye na saa hiyo asiguse kazi ya kupanga difu.

Kagua hausingi kuzunguka vikalio vya springi. Mstari mwembamba wa oili uliogandia vumbi mahali pasipo na sili ni ufa. Magari yaliyotembea ufukweni hula kutu chini ya tumbo la difu. Gonga kwa nyundo ndogo, sauti iwe kali kama ya kengele, siyo butu.

Hausingi iliyopinda haionekani kwa macho. Ikiwa ingali kwenye gari, inua kwa jeki magurudumu yote mawili ya nyuma, zungusha kila tairi huku umeshika msumari uchore mstari mwembamba kwenye uso wake unaokanyaga chini. Pima umbali kati ya mistari miwili upande wa mbele, kwa kimo cha ekseli, kisha upande wa nyuma. Tofauti ikizidi milimita 3, imepinda. Tairi lililolika upande wa ndani na sili inayovuja tena mwezi baada ya kubadilishwa vinasema jambo hilo hilo.

Halafu vipimo vyako. Andika umbali kutoka uso mmoja wa kukalia rimu hadi wa pili, umbali kati ya vikalio vya springi kati kwa kati, unene wa bomba la hausingi pale yubolti (bolti za umbo la U zinazoshika ekseli kwenye springi) zinapokaa, na umbali wa pinioni kutoka katikati ya gari. Sentimita 2 za tofauti kwenye upana zinavumilika. Pinioni iliyo upande mwingine wa gari haivumiliki, kwa sababu propela itapita ndani ya tanki au ekzosi.

Omba risiti yenye namba ya simu ya muuzaji. Na kabla hujakata kitu, pita kwa wakaguzi wa magari wa polisi wa usalama barabarani na kwa wenye bima yako, ili badiliko lisije kukugharimu siku ya ajali.

Kufunga

Vikalio vya springi vikihitaji kuchomelewa upya, toa shafti, sili na beringi zote kwanza. Kibano cha ardhi cha mashine kiwe kwenye hausingi karibu na pale unapochomelea; umeme ukipita kwenye beringi unaitoboa vidoa ambavyo hutaviona. Shika kila kikalio kwa vidoa vinne tu, rudisha ekseli chini ya gari, shusha gari likae kwa uzito wake wote, ndipo upange pembe ya pinioni. Kwa propela ya viungo viwili vya kawaida, flenji ya pinioni iwe sambamba na flenji ya giaboksi ya 4x4, au iiname nyuzi 1 hadi 2 chini, maana springi za majani hujikunja na kuinyanyua gari linapovuta. Simu yenye programu ya kupima mwinamo inatosha. Pembe ikikosewa, gari litatetemeka kwenye kilomita 60 hadi 80 kwa saa na viungo vya propela havitamaliza mwezi.

Pembe ikikubali, shusha ekseli na uchomelee kwa vipande vya sentimita 3, kulia kisha kushoto, juu kisha chini, ukiacha ipoe yenyewe. Kuimwagia maji kunaifanya iwe ngumu na kukatika kama kigae. Anayechomelea upande mzima kwa mkupuo mmoja anaikunja hausingi mpya kabla haijatembea.

Propela ikatwe au irefushwe kwa fundi wa mashine ya kuzungusha, na iachiwe angalau milimita 25 za kuingia ndani springi zikibonyea. Masikio ya pande mbili yasimame mstari mmoja. Yubolti ziwe mpya kila mara. Zilizokwisha kuvutwa hazishiki tena sawasawa.

Breki zinastahili uangalifu kuliko zinavyopewa. Dramu kubwa zaidi na silinda yenye pistoni pana zaidi nyuma hufanya magurudumu ya nyuma yakwame kabla ya mbele, na gari tupu kwenye utelezi litageuka. Tumia silinda zilizokuja na ekseli ile, rudisha vali inayopima mzigo mahali pake, toa hewa, kisha jaribu breki kwenye kiwanja kitupu kabla ya kutoka barabarani.

Hamisha pumulio ya ekseli. Difu iliyopata moto ikiingia mtoni ghafla, hewa ya ndani husinyaa na kufyonza maji kupitia sili. Futi kadhaa za mpira wa mafuta kutoka kwenye pumulio hadi nyuma ya taa ya nyuma, juu ya usawa wa bodi, zinamaliza tatizo hilo kwenye vivuko vya Matandu au Lukuledi.

Jaza oili ya 80W-90 yenye alama ya GL-5, au 85W-140 kwa gari la mzigo mzito, gari likiwa sawa, mpaka ichungulie kwenye tundu la kujazia. Difu ya kubana inataka oili yenye kiungo chake maalumu, vinginevyo itakwaruza kila kona.

Kilomita 100 za mwanzo tembea bila mzigo, kisha shika difu kwa mkono. Moto wa kushikika ni sawa. Ukishindwa kuishika kwa sekunde mbili, beringi zimebanwa mno, irudishe. Kaza yubolti upya kwenye kilomita 100 na tena kwenye 500. Kwenye kilomita 1,000 mwaga oili yote, pitisha sumaku, ujaze mpya. Ukienda kwenye mchanga gari likiwa tupu, shusha upepo hadi psi 18 hivi na uwe na pampu ya kurudishia, ukianza pole pole kwa gia ya pili ya chini. Tairi lililolala likashika mchanga halizunguki bure, na shafti haipati ule mshtuko wa kudaka. Ukirudi kutoka ufukweni, osha hausingi na kebo za handbreki kwa maji yasiyo na chumvi siku hiyo hiyo.